Steve Biko: Jeraha la ubongo lililoonekana likafichwa

JOHANNESBURG

Kila ifikapo tarehe 12 Septemba, wananchi wa Afrika Kusini humkumbuka Bantu Stephen Biko, kijana aliyefariki dunia mwaka 1977 mikononi mwa polisi wa serikali ya makaburu akiwa na umri wa miaka 30. Mengi yameandikwa kuhusu siasa zake na namna alivyowaamsha vijana weusi wa nchi hii. Leo, ndugu msomaji, tunaomba tuyapitie maisha yake kwa upande ambao hautajwi mara nyingi, nao ni ule wa kitabibu. Biko hakufa papo hapo. Baada ya kuumizwa kichwani aliishi siku tano au sita, madaktari wakaja wakamwona, na dalili za jeraha la ubongo zilikuwa wazi mbele yao. Kwa nini basi hakutibiwa? Na sisi tulio hai, tungezijua dalili hizo kama angekuwa ni ndugu yetu?

Biko alizaliwa tarehe 18 Desemba 1946 na kukulia Ginsberg, mtaa wa watu weusi pembeni mwa mji wa King William's Town, jimbo la Cape ya Mashariki. Baba yake, Mzee Mzingaye, alifariki mwaka 1950 mtoto akiwa bado mdogo sana. Mama yake, Alice Nokuzola, aliilea familia kwa kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za wazungu na baadaye kwa kupika katika hospitali ya Grey mjini hapo. Kijana alipelekwa shule ya Lovedale mwaka 1963, lakini hakukaa hata muhula mzima. Kaka yake Khaya alikamatwa kwa mambo ya siasa, naye Steve akafukuzwa shule. Alikwenda kumalizia masomo katika shule ya Wakatoliki ya St Francis, Mariannhill, mkoani Natal.

Mwaka 1966 aliingia shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Natal mjini Durban, katika sehemu iliyotengwa kwa wasio wazungu. Ni vizuri msomaji akalishika jambo hili, kwamba Biko alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Alikuwa amekwisha kaa darasani miaka kadhaa akijifunza mwili wa binadamu kabla ya siasa kumchukua moja kwa moja.

Siasa hizo zilianzia kwenye chama cha wanafunzi cha NUSAS kilichoongozwa na wazungu waliojiita waliberali. Katika mkutano wao wa mwaka 1967 huko Grahamstown, wajumbe weusi walikataliwa kulala kwenye mabweni ya chuo pamoja na wenzao. Biko aliona kwamba mweusi hawezi kuendelea kusemewa na mtu mwingine, hata kama huyo anayemsemea ana nia njema. Yeye na wenzake wakaunda chama chao, SASO, kilichozinduliwa Julai 1969 katika chuo cha Turfloop, na Biko akawa rais wa kwanza. Hapo ndipo ulipokua Mwamko wa Watu Weusi, fikra iliyomtaka mweusi ajikomboe kwanza moyoni, aache kujidharau, kisha ndipo aweze kumkabili anayemdharau.

Mwaka 1972 chuo kilimfukuza, na ndoto ya kuwa daktari ikaishia hapo. Machi 1973 serikali ilimpiga marufuku, ikamrudisha King William's Town na kumfungia humo. Hakuruhusiwa kuzungumza na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na gazeti lolote lililonukuu maneno yake lilikuwa limevunja sheria. Hata hivyo hakukaa bure. Alishiriki kuanzisha zahanati ya Zanempilo, jina linalomaanisha kuleta afya, katika kijiji cha Zinyoka, ambayo iliongozwa na Dk. Mamphela Ramphele. Aliyenyimwa udaktari alishiriki kuwajengea wanakijiji mahali pa kutibiwa.

Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto, hapa Johannesburg, waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wakawafyatulia risasi. Fikra za akina Biko zilikuwa zimeenea miongoni mwa vijana hao, na serikali ilijua hivyo. Tangu hapo alikuwa mtu wa kuwindwa. Agosti mwaka huo alikamatwa na kuwekwa ndani siku 101 bila kufunguliwa mashtaka.

Usiku wa tarehe 18 Agosti 1977, akitokea Cape Town pamoja na rafiki yake Peter Jones, gari lao lilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi karibu na Grahamstown. Sheria ya Ugaidi iliyotumika iliwaruhusu polisi kumweka mtu ndani bila mwanasheria, bila ndugu, na bila ukomo wa muda. Biko alifungiwa katika kituo cha Walmer, Port Elizabeth, akiwa uchi kwa siku nyingi. Tarehe 6 Septemba alipelekwa chumba namba 619 katika jengo la Sanlam, ofisi za polisi wa usalama, kwa mahojiano. Humo ndimo alimoumizwa kichwa. Kisha alifungwa pingu na minyororo kwenye nondo na kuachwa hivyo.

Asubuhi ya tarehe 7 Septemba, Kanali Pieter Goosen alimwita daktari wa serikali, Dk. Ivor Lang. Daktari alimkuta mgonjwa ana mdomo uliochanika, mikono na miguu iliyovimba, anaongea kwa kukokota ulimi, na akitembea anayumba. Pamoja na hayo yote aliandika cheti kwamba hakuona kasoro yoyote. Siku iliyofuata alikuja na mkubwa wake, Dk. Benjamin Tucker. Mgonjwa alikuwa bado kafungwa, amelala kwenye mkeka, nguo zake zimelowa mkojo.

Hapa tusimame kidogo tuueleze mwili unavyofanya kazi, maana ndipo ulipo moyo wa habari hii.

Mishipa ya fahamu iko ya namna mbili. Ipo ile tunayoiamrisha wenyewe, kama ya kuinua mkono au kupiga hatua. Ipo na mingine inayofanya kazi yake bila kutuuliza, ikiendesha moyo, pumzi, tumbo, kibofu na mboni ya jicho. Hii ya pili nayo ina pande mbili. Upande wa simpathetiki huuamsha mwili wakati wa hatari, moyo ukaenda mbio na mboni ikapanuka. Upande wa parasimpathetiki huutuliza mwili, hupunguza mapigo ya moyo, huisinyaza mboni na kukiamuru kibofu kijikamue. Nyuzi za parasimpathetiki hutokea sehemu mbili tu, chini ya ubongo na mwisho wa uti wa mgongo. Ulio mkubwa kuliko yote ni mshipa wa vagasi, unaoshuka kutoka kwenye shina la ubongo, ukapita shingoni mpaka kifuani na tumboni.

Mtu akipigwa kichwa, ubongo huweza kuvimba au damu kuvujia ndani ya fuvu. Fuvu ni mfupa, halitanuki, hivyo kinachobanwa ni ubongo wenyewe pamoja na mishipa inayotoka humo. Mmoja wa inayobanwa mapema ni mshipa wa tatu wa kichwa unaokwenda kwenye jicho. Nyuzi zake za parasimpathetiki zimepita juu juu, kama waya uliovikwa nje ya kamba, kwa hiyo ndizo zinazoumia kwanza. Matokeo yake mboni ya upande mmoja hupanuka, na ukimulika tochi haisinyai. Ndiyo maana daktari au muuguzi akimpokea mtu aliyeumia kichwa hukimbilia kwanza kumulika macho.

Dalili nyingine huwadanganya wengi. Shinikizo ndani ya fuvu likizidi, mwili hupandisha shinikizo la damu ili damu iendelee kuufikia ubongo. Kwa kujibu hali hiyo, mshipa wa vagasi huupunguza mwendo wa moyo. Mgonjwa anakuwa na mapigo ya polepole, naye asiyejua anadhani ametulia au amelala usingizi wake tu. Kumbe mapigo ya polepole kwa mtu aliyeumia kichwa, hasa pumzi nayo ikiwa haina mpangilio, ni kengele ya hatari kubwa.

Tumeyaeleza haya kwa sababu polisi walishikilia kwamba Biko anajifanya, na madaktari wakakubali kuliweka jambo hilo kwenye mizani. Mtu anaweza kujifanya hawezi kuongea, na anaweza kujifanya anayumba. Hawezi kujipanua mboni ya jicho moja kwa kutaka, wala hawezi kuuamrisha mshipa wa vagasi. Na kuna alama moja ambayo Dk. Tucker mwenyewe aliihisi siku hiyo. Ukikwaruza wayo wa mtu mzima kutoka kisiginoni kwenda juu, kidole gumba cha mguu hujikunja kwenda chini. Kikiinuka juu, maana yake njia za fahamu kutoka kwenye ubongo au uti wa mgongo zimeharibika. Alama hii huitwa ya Babinski, kwa jina la daktari wa Paris aliyeieleza mwaka 1896. Hakuna mwigizaji wa kuiigiza.

Baada ya hapo Biko alihamishiwa hospitali ya gereza. Daktari bingwa aliyeitwa aliiona tena alama ile ile ya mguu, akaona udhaifu upande mmoja wa mwili, na mgonjwa akirudiarudia maneno anayoambiwa. Tarehe 9 Septemba alichomwa sindano ya mgongo, na maji ya uti wa mgongo yalitoka yakiwa na damu. Hata hivyo, kwenye kumbukumbu za gereza Dk. Lang aliandika kwamba kipimo hakikuonyesha tatizo. Mtaalamu wa upasuaji wa ubongo aliulizwa kwa simu, akashauri mgonjwa aangaliwe kwa karibu. Kanali Goosen hakutaka mahabusu wake apelekwe hospitali ya kawaida, akidai angeweza kutoroka. Madaktari walimsikiliza kanali wakamwacha mgonjwa.

Tarehe 11 Septemba alirudishwa kwenye sakafu ya selo ya Walmer. Siku hiyo hiyo alikutwa ameanguka, povu linamtoka mdomoni, anahema kwa kasi. Dk. Tucker alikubali asafirishwe mpaka Pretoria kwa barabara, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Alilazwa uchi nyuma ya Land Rover ya polisi, bila muuguzi na bila karatasi ya maelezo ya ugonjwa wake. Safari ilikuwa ya usiku kucha. Tarehe 12 Septemba, katika hospitali ya gereza la Pretoria, Biko alifariki akiwa juu ya mkeka, sakafuni.

Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Waziri wa Sheria, Jimmy Kruger, alianza kwa kuuaminisha ulimwengu kwamba Biko alikuwa amegoma kula. Lakini familia ilikuwa imemweka Dk. Jonathan Gluckman, mtaalamu wa patholojia wa hapa Johannesburg, ashuhudie uchunguzi wa maiti pamoja na mtaalamu wa serikali. Profesa Neville Proctor wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand naye alishirikishwa kuuchunguza ubongo. Kilichoonekana hakikuwa njaa. Ubongo ulikuwa umepondeka kwa nguvu iliyotoka nje, damu ikaharibika mfumo wake wa kuganda, na figo zikashindwa kufanya kazi. Oktoba 1977 gazeti la Rand Daily Mail la Johannesburg, mhariri akiwa Allister Sparks na mwandishi akiwa Helen Zille, liliandika kwamba hapakuwa na dalili za mtu aliyekufa kwa njaa.

Majibu ya serikali yalikuja haraka. Tarehe 19 Oktoba ilipiga marufuku vyama vya Mwamko wa Watu Weusi, ikalifunga gazeti la The World la hapa Johannesburg na kumtia ndani mhariri wake, Percy Qoboza. Donald Woods, mhariri wa Daily Dispatch na rafiki wa Biko, alifungiwa nyumbani, na mwisho wa mwaka akatorokea Lesotho na kuishia Uingereza. Sisi tunaoandika tukiwa mbali na nchi tulikozaliwa tunaielewa safari hiyo bila kuelezwa.

Uchunguzi wa mahakama ulifanyika Pretoria mwezi Novemba, familia ikitetewa na Sydney Kentridge, George Bizos na Ernest Wentzel. Tarehe 2 Desemba hakimu Marthinus Prins alikubali kwamba Biko alikufa kwa jeraha la ubongo, kisha akasema hakuna wa kulaumiwa. Mwaka 1979 serikali iliilipa familia randi 65,000.

Ilibaki hesabu ya madaktari. Azimio la Tokyo la mwaka 1975 lilikuwa limekwisha sema kwamba daktari asishiriki wala kuvumilia mateso ya mfungwa. Baraza la Madaktari la Afrika Kusini lilipopelekewa malalamiko, mwaka 1980 lilisema haoni wala hasikii, yaani halikuona kesi ya kujibu. Hapo ndipo madaktari sita walipokataa kunyamaza. Kutoka Cape Town alikuwapo Frances Ames, mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Kutoka Chuo Kikuu cha Witwatersrand walikuwapo Phillip Tobias na Trefor Jenkins. Pamoja nao walisimama Yosuf Veriava, Dumisani Mzamane na Tim Wilson. Waliishitaki taasisi inayotoa leseni zao wenyewe. Januari 1985 Mahakama Kuu ya Transvaal ilikubaliana nao na kuliamuru baraza lifanye kazi yake. Mwaka huo huo Dk. Lang alikutwa na hatia akakaripiwa, na Dk. Tucker hatimaye alifutwa kwenye orodha ya madaktari. Mwaka 1991, baada ya kuomba radhi, Tucker alirudishiwa leseni.

Kuhusu polisi, watano waliomba msamaha mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 1997, wakakiri kwamba waliyoyaeleza mwaka 1977 hayakuwa kweli yote. Mwaka 1999 walinyimwa msamaha huo, lakini hakuna aliyefikishwa kizimbani. Septemba 2025, miaka 48 kamili baada ya kifo, uchunguzi wa mahakama ulifunguliwa upya katika mji wa Port Elizabeth, ambao sasa unaitwa Gqeberha.

Ndugu msomaji, huenda wewe si daktari na wala hujawahi kufika Afrika Kusini. Lakini kuumia kichwa hakuchagui. Wapo wanaoanguka pikipiki, wapo wanaopigwa na vibaka, na wapo wanaotolewa mahabusu wakiambiwa waende zao. Mtu aliyeumia kichwa akianza kukokota maneno, kuyumba, kutapika mara kwa mara, kusinzia isivyo kawaida, kudhoofika upande mmoja au kujikojolea bila kujua, apelekwe hospitali upesi. Mmulike macho kwa tochi: mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyenzake na haisinyai, usisubiri kuche. Mlaze akiwa mtulivu, shingo isipindwepindwe, usimpe chakula wala kinywaji, na akitapika mgeuze ubavu, kichwa, shingo na mwili vikienda pamoja. Asisafirishwe peke yake, na maelezo ya kilichotokea yaende naye.

Huko hospitali kazi ya kwanza ni kulinda njia ya hewa, kupiga picha ya ubongo na kuondoa kinachobana, iwe kwa dawa za kupunguza uvimbe au kwa upasuaji. Hakuna kidonge cha kuunganisha mshipa wa fahamu ulioumia. Lakini ukiondolewa shinikizo mapema, mshipa uliobanwa bila kukatika huweza kurudi taratibu, kwa wiki au miezi. Kibofu kisichojikamua husaidiwa kwa mpira wa mkojo, ili mkojo usirudi ukaharibu figo. Muda ndio dawa kubwa kuliko zote, na muda ndio alionyimwa Biko.

Leo hospitali kubwa ya rufaa mjini Pretoria, mji alikofia sakafuni, inaitwa Hospitali ya Steve Biko. Hapa Johannesburg, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kina kituo chenye jina lake kinachofundisha maadili ya udaktari. Kila kijana anayepita humo na kuvaa koti jeupe anapaswa kujiuliza angefanya nini asubuhi ile ya tarehe 7 Septemba, kanali akiwa amesimama mlangoni.

Mwenyezi Mungu ailaze roho ya marehemu Steve Biko mahali pema peponi. Amina.